Kanzu Isiyo na Mshono: Namna ya Kuishi Utume Mmoja Kanisani, Kazini na Mtaani

Hakuna fundi cherehani wa Unguja asiyejua kusema "njoo kesho". Mimi nimeisema miaka mingi, tena nikiwa na msalaba shingoni. Mwaka mmoja, zimebaki siku mbili Idd-el-Fitri, alikuja jirani yangu wa mlango wa tatu kuchukua magauni ya binti zake. Hayakuwa tayari. Kusema kweli hata kitambaa sikuwa nimekigusa, maana Ramadhani nzima kila aliyeleta kazi nilimpokea, na mikono ni hii miwili. Nikamwambia, "Njoo kesho, Bi, yamebaki vifungo tu." Kitambaa chake kilikuwa mezani, kimekunjwa vile vile alivyokileta. Alikitazama, akanitazama mimi, akasema pole pole: "Fundi, Jumapili twakusikia unaimba mpaka huku nyuma. Hayo unayoyaimba huyaacha huko huko?"

Usiku ule nilikesha. Wakati watu wanaamka kula daku mimi nilikuwa bado niko kwenye cherehani. Watoto walivaa siku ya sikukuu, na mama yao alinilipa bila kunipunguzia hata shilingi. Lile swali lakini halikuondoka na magauni.

Haya ninayoyaandika ni njia niliyoipita tangu siku ile, pamoja na niliyojifunza kwa wenzangu wa kanisani walioko mahotelini, mashambani na maofisini. Ni kwa Mkristo wa visiwani ambaye maisha yake yamekatwa vipande: kimoja cha kanisani, kimoja cha kazini, kimoja cha nyumbani, kila kipande na rangi yake. Neno utume tumelizoea vibaya. Tukilisikia tunamuwaza mtu aliyepelekwa mbali na begi lake, au mkutano wa injili wenye spika kubwa. Yesu aliwaambia wanafunzi waliokuwa wamejifungia ndani kwa hofu, "kama Baba alivyonituma mimi, mimi nami nawapeleka ninyi" (Yohana 20:21). Hakutaja siku ya wiki.

Injili hiyo hiyo, sura ya 19, inasema kanzu ya Yesu haikushonwa, ilifumwa yote pia toka juu. Askari waligawana nguo nyingine; hiyo hawakutaka kuipasua, wakaipigia kura. Wahubiri huitumia kanzu hiyo kueleza umoja wa Kanisa, na ni sawa. Mimi nikiisoma naiona kwa jicho la kazi yangu. Nguo hufumuka kwenye mshono. Pasipo mshono hapana pa kufumukia.

Hatua ya kwanza: pima wiki yako

Chukua daftari la skuli, lile la bei ndogo kabisa. Kwa siku saba andika mambo matatu kila jioni: saa zako zimekwenda wapi, pesa zako zimekwenda wapi, na maneno yako yalikuwaje. Saa na pesa ni rahisi. Maneno ndiyo magumu. Andika sentensi mbili tatu ulizozisema siku ile kama zilivyotoka kinywani, usizipige pasi. Kama ulimjibu mteja vibaya, andika ulivyomjibu. Kama ulimwambia mwenye nyumba pesa iko njiani na haiko njiani, andika.

Siku ya nane kaa nalo daftari peke yako, utafute pahala sauti yako inapobadilika. Nasema sauti, kwa sababu ndiyo iliyonionyesha mimi. Nilikuta pahala patatu. Kwanza ahadi: katika wiki moja nilisema "njoo kesho" mara kumi na moja, na za kweli zilikuwa nne. Pili mabaki. Mtu analeta yadi tatu, gauni linakula mbili na nusu, ile nusu inabaki kwangu kimya kimya kama vile haikuwahi kununuliwa. Tatu, na hili ndilo lililoniumiza, msichana aliyekuwa akijifunza kushona kwangu. Mbele ya wateja nilimwita mwanangu. Wakiondoka nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa.

Usiombe msamaha bado wala usiweke nadhiri. Pima tu. Anayekata kabla ya kupima huishia kununua kitambaa chengine.

Hatua ya pili: andika sentensi moja

Sasa unataka sentensi moja ya kueleza umetumwa kufanya nini. Moja. Wenzangu wengi walikwama hapa, kwa sababu waliandika maneno ya semina: "kuwa chombo cha mabadiliko chanya katika jamii". Sentensi kama hiyo huwezi kuishika mkononi. Inafaa kubandikwa ukutani kwenye ofisi na kusahauliwa.

Jiulize hivi. Mungu ameshaniwekea nani mbele yangu, bila mimi kumtafuta? Mikononi nina nini, ujuzi gani, chombo gani? Na ni jambo gani la mtaa huu ambalo nikilikumbuka usiku halinipi usingizi? Majibu ya maswali hayo matatu hukutana pahala. Pale yanapokutana ndipo penye sentensi yako.

Yangu ilichukua wiki tatu: "Nimetumwa kumvisha mtu heshima yake na kumrudishia kilicho chake." Mpishi mmoja wa hoteli ya Nungwi aliandika kwamba ametumwa kuhakikisha hakuna anayefanya kazi karibu yake akalala na njaa. Mama mmoja anayelima mwani Jambiani aliandika fupi kuliko sote: "Nimetumwa kusema uzito wa kweli." Mwalimu wa skuli aliandika kuhusu watoto wanaokaa nyuma ya darasa.

Ijaribu sentensi yako kwa njia tatu. Je, inatendeka Jumanne kama inavyotendeka Jumapili? Je, jirani yako Muislamu akiisoma ataielewa bila kufasiriwa? Je, ungeweza kuiishi hata kama kesho wangekuvua vyeo vyote vya kanisani? Ikishindwa popote, rudi kwenye daftari.

Mlinzi wangu katika hatua hii ni Dorkasi wa Yafa, yule wa Matendo ya Mitume sura ya 9. Petro alipofika kwenye ghorofa alipolazwa maiti yake, wajane walisimama wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakumweleza alikuwa nani kanisani. Walishika nguo.

Hatua ya tatu: nenda Mkunazini ukakae nusu saa

Utaniona nimetoka nje ya mada. Sikutoka. Visiwa hivi vina kumbukumbu ya Kikristo ambayo wengi wetu tunaipita tukienda Darajani kununua samaki, na kumbukumbu hiyo inajibu moja kwa moja jambo tunalolitafuta.

Soko la watumwa la Unguja, pale Mkunazini, lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza. Siku ya Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la kanisa pahala pale pale. Askofu Edward Steere alisimamia ujenzi wake, na kaburi lake liko nyuma ya altare. Altare yenyewe, kwa maelezo tunayoyapokea pale, imekaa pahala penye mti waliokuwa wakifungwa watumwa na kuchapwa, ili mnunuzi aone nani mwenye nguvu. Kaa ulifikirie hilo. Pale mtu alipochapwa ajulikane bei yake ndipo tunapopiga magoti kupokea mkate na kikombe. Waliolijenga kanisa lile wangeweza kuchagua kiwanja safi kando ya bahari. Walichagua sokoni.

Kumbuka na John Swedi. Alikuwa mmoja wa wavulana watano waliotolewa kwenye jahazi la watumwa, Sultani akawakabidhi kwa Askofu Tozer, mtangulizi wa Steere, mwaka 1864. Mwaka 1879 akafanywa shemasi. Asili ya neno shemasi ni mtumishi. Kijana aliyekuwa anapelekwa kutumikishwa alisimama mbele ya watu akachagua kutumikia.

Pemba nako, Waquaker wa Uingereza, Wakristo wanaojiita Marafiki, walifika mwaka 1897, mwaka ambao sheria ya hapa iliacha kuutambua utumwa. Walinunua shamba la karafuu Banani, karibu na Chake Chake, na watu walioachwa huru wakafanya kazi pale kwa ujira. Hebu tazama: misheni iliyoanza na shamba na mshahara. Wamisionari hawakuwa malaika, nalisema hilo mapema. Mbweni, alikobatizwa bibi yangu, waliotolewa utumwani waliishi chini ya kanuni za misheni ambazo si zote zilikuwa tamu. Lakini kuchanganya sala na mshahara halikuwa kosa lao. Hapo waliona sawa.

Na aliyelisema wazi kuliko wote ni Frank Weston, Askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi alipofariki 1924. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliwaongoza wapagazi wa Unguja huko bara, akatembea nao. Mwaka 1923 alisimama London mbele ya Waanglikana wenzake waliopenda sana altare, ubani na tabenakulo, kile kisanduku cha kuwekea mkate wa ushirika, vitu ambavyo yeye mwenyewe alivipenda. Akawaambia hawawezi kudai wanamwabudu Yesu ndani ya tabenakulo ikiwa hawamhurumii Yesu kwenye vibanda vya maskini. Sidhani hilo alilipata vitabuni. Alilipata kwa watu wa huku.

Ukimaliza kukaa ndani, toka uende kwenye zile sanamu za watumwa watano waliosimama shimoni, minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998. Jiulize swali moja tu: mtaani kwangu leo, nani anauzwa? Usitafute jibu kubwa. Tafuta msichana aliyeletwa kutoka shamba au bara kufanya kazi za ndani, ambaye mshahara wake "anawekewa". Tafuta kibarua anayelipwa ahadi. Mimi sikuhitaji kwenda mbali. Mwanafunzi wangu wa kushona alikuwa amenifanyia kazi miezi saba, kupinda pindo na kutia vifungo vya watu waliokuwa wakinilipa, na sikuwa nimempa kitu kwa sababu eti anajifunza.

Wa Pemba asiyeweza kuvuka, au mtu wa shamba asiye na nauli ya mjini, alifanye hili popote penye kumbukumbu ya watu wake. Swali ni lile lile.

Hatua ya nne: peleka sentensi kazini, kitu kimoja kimoja

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo wengi tunapoponyoka kwa kuweka Biblia mezani tukadhani tumemaliza. Wateja wanaiona Biblia. Wanaona pia gauni halipo.

Nilianza na ahadi, kwa kuwa ahadi ni deni, na mimi nilikuwa mdaiwa wa mtaa mzima. Nilinunua daftari la pili, kubwa, lenye mistari. Nikahesabu kwa haki naweza kushona nguo ngapi kwa siku: gauni mbili za kawaida, au moja yenye mapambo, au sare nne za skuli kama umeme haukukatika. Basi kila siku ya wiki nikaipa nafasi zake. Nafasi zikijaa, zimejaa. Mteja akija namfungulia daftari aone, namwambia, "Bi, Alkhamisi hii haipo, Jumatatu ipo." Wengine waliondoka wakaenda kwa fundi mwengine. Miezi miwili ya mwanzo kipato kilishuka, sitaki kukudanganya, na mume wangu aliniuliza kama nimefanya toba au nimefunga biashara. Neno la Mathayo 5:37, "Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo", ni gumu zaidi kwenye ile siyo. Ndiyo huja yenyewe.

Mabaki yalikuwa rahisi zaidi. Kila nguo ikimalizika, vipande vyake navifunga kwa uzi, naviweka juu ya nguo. Mwenyewe akisema "kaa navyo, Fundi", nakaa navyo kwa furaha. Nimeshatengeneza mito na mifuko mingi ya halali. Mama mmoja alifungua bahasha, akaona vipande, akasema kumbe mafundi wote walikuwa wakimwambia kitambaa hakikutosha.

Mwanafunzi nilimwita nikamwomba radhi, kisha tukapanga fungu lake katika kila nguo aliyoigusa. La miezi saba nililipa kidogo kidogo, kwa miezi kumi. Radhi bila malipo ingekuwa "njoo kesho" nyengine.

Kila kazi ina mabaki yake, na mwenye kazi anayajua. Pemba, msimu wa karafuu, ni makonyo yaliyochanganywa na karafuu ili gunia lizidi, au karafuu iliyoanuliwa kwenye jamvi kabla haijakauka. Kwenye mwani ni mchanga. Yule mama wa Jambiani aliniambia zamani alikuwa hakung'uti mwani wake vizuri, na mchanga kidogo kwenye kila kiroba unageuka pesa. Ofisini ni faili linalosubiri "chai". Hotelini ni risiti ya sokoni inayoandikwa zaidi ya kilichonunuliwa. Orodhesha ya kwako, uanze na lililo dogo kabisa, kwa sababu hilo unaweza kuliacha kesho asubuhi.

Nalo la sala. Nilikuwa nikisali asubuhi nyumbani, kisha nafunga sala, naenda kazini. Siku hizi nikianza nguo nataja jina la mwenye nguo. Ni hilo tu. Nikitia uzi kwenye sindano nasema, Bwana, huyu ni fulani, mwanawe anaumwa. Mikono inaendelea. Paulo alikuwa fundi wa mahema, akafanya kazi hiyo pamoja na Akila na Priska (Matendo 18:3), na siamini kwamba alikuwa akinyamaza na Mungu muda wote sindano ikipita.

Neno kwa walioko Nungwi, Kendwa, Paje: zamu ya Jumapili haiwaondoi katika Kanisa. Tafuteni usiku mmoja wa wiki, hata kama ni watatu tu kwenye chumba cha wafanyakazi, msome somo la Jumapili iliyopita, kila mmoja ataje sentensi yake na alivyoifanya. Mwambieni padri au mchungaji wenu aje mara moja kwa mwezi. Asipoweza kuja, msiache.

Hatua ya tano: kaa na jirani bila chambo

Sisi Wakristo wa huku ni wachache, tunaishi mlango kwa mlango na Waislamu, na wengi tuna ndugu wa damu upande huo. Kwa hiyo anayejiuliza kuhusu utume visiwani lazima aulize: basi na jirani je?

Wapo wanaojibu kwa mabishano ya dini barazani. Nimeyasikiliza tangu utotoni na sijaona aliyetoka pale akimpenda Mungu zaidi. Wapo wanaojibu kwa kujificha, wanavua msalaba wakipanda daladala, wanacheka wanapotaniwa. Na wapo, hawa ndio ninaowaogopa zaidi, wanaofanya wema kama mvuvi anavyotia chambo: sahani ya futari leo, karatasi ya injili kesho. Mtu si samaki. Akigundua kwamba chakula chako kilikuwa na ndoana ndani, hatakula kwako tena, na ana haki.

Fanya wazi, fanya kwa sababu Kristo amekupenda, uache hapo. Ramadhani usile wala kunywa barazani mchana. Ni adabu tu. Peleka futari, na ikiletwa kwako ipokee na usirudishe sahani tupu. Akifiwa, nenda mapema, kaa na wanawake au na wanaume kama desturi ilivyo, usaidie kuchota maji na kumenya vitunguu. Krismasi ukiwaalika, mwambie kijana Muislamu achinje kuku, na useme waziwazi chungu hiki hakijapikiwa nyama ya nguruwe. Ukiulizwa kwa nini unaishi hivyo, jibu. Waraka wa kwanza wa Petro, 3:15, unatutaka tuwe tayari kumjibu anayeuliza habari za tumaini letu, kwa upole na kwa hofu. Tazama kwamba ni yeye anayeuliza.

Hofu ya aina nyengine nayo tumeionja. Februari 2013 Padri Evarist Mushi alipigwa risasi akafa hapa Unguja, asubuhi ya Jumapili, akienda kuongoza misa. Wiki zile mimi nilifunga mlango wa kibanda nikashonea ndani, kama wale wanafunzi wa Yohana 20. Aliyegonga alikuwa bibi mmoja mtu mzima wa nyumba ya nyuma, na kitabu chake cha uradi mkononi. Alivuta kiti akakaa mlangoni kwangu, akasema, "Shona, mwanangu. Mimi nipo hapa." Akakaa mpaka Magharibi, kesho yake akaja tena. Ndio maana nasema utume si njia ya upande mmoja. Siku zile mimi ndiye niliyeletewa.

Hatua ya sita: nyumbani, kisha kanisani

Nyumbani sina mengi. Waambie watoto sentensi yako, na uwape ruhusa ya kukukumbusha. Wangu walianza kuniuliza kwenye chakula cha usiku, "Leo umemdanganya nani?" Ilinikera. Ilisaidia kuliko mahubiri.

Kanisani kuna jambo ambalo viongozi wetu hawatalipenda. Nilikuwa kwenye kamati nne: kwaya, Umoja wa Akina Mama, ujenzi, na ile ya harusi isiyokwisha. Jioni tano kati ya saba nilikuwa kanisani, na nguo za watu zilikuwa zinasubiri. Niliwahi kuamini kwamba wingi wa vikao ndio utume. Nilijitoa kwenye mbili. Katibu hakufurahi, akanisomea mstari wa aliyetia mkono kwenye jembe kisha akatazama nyuma. Nikamjibu kwamba jembe langu lina pedali.

Kisha fanya kinyume chake: ilete kazi kanisani. Omba kwenye jumuiya au mtaa wenu kwamba kwenye sala za maombezi watajwe wateja, wanafunzi, wagonjwa wa wadi yako, mabosi wenu, kwa shida zao halisi. Kwetu tulianza na watu wawili. Siku mwalimu aliposimama akaomba kwa ajili ya mtoto wa darasa la tatu asiyejua kusoma, kanisa zima lilinyamaza kwa namna ambayo sijaisikia tukiombea mambo makubwa. Sadaka nayo: kabla ya kuifunga kwenye bahasha, jiulize kama pesa hii ina mtu aliyenyimwa ndani yake. Kama yumo, mpelekee yeye kwanza.

Hatua ya saba: kagua, fumua, shona tena

Mara moja kwa mwezi kaa na mtu mmoja, si kundi. Awe mtu anayeweza kukuambia "hapa umekosea" na kesho mkanywa chai pamoja. Mpe daftari lako asome. Mweleze pahala ulipofumuka, kwa sababu utafumuka. Mimi mwezi wa pili tu nilirudia "yamebaki vifungo", kwa mteja wa mbali niliyedhani hatanijua.

Ukifumuka fanya mambo haya kwa mpangilio huu: mwambie aliyeumizwa kabla hajagundua mwenyewe, taja kosa kwa jina lake bila "lakini", rudisha kilicho chake na kitu juu yake, kisha ndiyo uende kwa padri au kwa Mungu chumbani. Zakayo aliposimama mbele ya Bwana alizungumza hesabu (Luka 19:8). Kila baada ya mwaka isome upya ile sentensi. Mpishi wa Nungwi alibadilisha ya kwake alipohamia hoteli nyengine. Yangu imebaki ile ile, ila nimeielewa tofauti.

Kama unataka kuanza, anza Jumatatu. Ukianza Jumapili utadhani ni jambo la kanisani.

Yule jirani wa mlango wa tatu alinikimbia Idd moja. Iliyofuata alileta kitambaa, mwezi mzima kabla, hata Shaabani ilikuwa haijaisha. Nikamsogezea daftari na kalamu, nikamwambia aandike siku mwenyewe. Aliandika siku, akaongeza na wakati, kwa mwandiko mkubwa: baada ya Alasiri. Ilipofika siku hiyo, adhana ya Adhuhuri ilinikuta nayatundika magauni mawili ukutani, yamepigwa pasi, na vipande vyake vimefungwa kwa uzi.